Mume kama Mtoto: Utendi wa Mwana Kupona na Kipimo cha Mielekeo ya Wanawake kuhusu Wanaume

Wahakiki wa Utendi wa Mwana Kupona wamegawanyika kwa muda mrefu. Wapo wanaouona kuwa hati ya utiifu wa mke, na wapo wanaodai kwamba chini ya utiifu huo pana kejeli inayomdunisha mume. Ubeti unaolifaa zaidi kundi la pili ni ule ambamo mama anamwusia Mwana Hashima amtunze mumewe kama mtoto asiyejua kunena.

Mwaka 1999 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Peter Glick na Susan Fiske, walichapisha hojaji ya kauli 20 ya kupima mielekeo mseto kuhusu wanaume. Kauli 10 hupima uhasama: kinyongo dhidi ya mamlaka yao, dharau, na shuku katika mapenzi. Nyingine 10 hupima wema: kuwastahi kama walinzi, kuamini kuwa mwanamke hakamiliki pasipo mwanamume, na kuwahurumia kama viumbe wasiojiweza nyumbani. La kuzingatiwa ni kwamba pande hizi hazipingani. Anayekubali kauli za uhasama aghalabu hukubali za wema pia; na utafiti wa mataifa 16 uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kuwa zote mbili hupanda pale ambapo usawa wa kijinsia ni haba.

Hapa ndipo hoja ya kejeli inapopwaya. Kumwona mume kama mtoto si lazima kuwe uasi. Huenda ndiko kunakouwezesha utiifu wenyewe, kwa maana anayemhurumia mume ndiye atakayempapasa na kumpepea alalapo, kama utendi unavyoagiza. Wanaouita ubeti huo silaha wana deni la kutuonyesha ulimchoma nani.

Hata hivyo, hatupendekezi Mwana Kupona apewe alama kuanzia 0 hadi 5! Hojaji humwuliza mtu anaamini nini. Utendi huu wa 1858 ni wosia wa mama mgonjwa, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, kwa binti atakayebaki chini ya mamlaka ya wengine. Nao wosia husema la kutenda, si lazima lile msemaji aliaminilo. Kauli zile 20 hazina nafasi ya mwanamke anayeijua kanuni, akaifundisha, bila kuisadiki. Mwanafunzi wa uzamili atakayezipeleka Lamu au Pate hana budi kuongeza swali moja: kauli hii uliambiwa na nani, nawe umemwambia nani?