Saa ya Nyuki, Saa ya Panya

Mpuliziaji mzuri wa mikorosho hujulikana kabla hajawasha mashine. Katika kata ya Mtua, na kote Nachingwea na Ruangwa, kusini mwa Tanzania, kazi yake huanza mwezi Juni, kipupwe kikiwa kimeshika na mikorosho imeanza kutoa mashada. Alfajiri, mashine ikiwa bado chini, atashika jani na kulipangusa kwa kidole gumba aone kama lina umande. Kisha ataokota vumbi, aliachie lidondoke kutoka kiganjani. Likipeperuka upande mmoja, anakaa kusubiri. Likishuka wima, anafunga barakoa na kubeba mashine mgongoni.

Anachopuliza ni salfa, unga wa manjano unaozuia ubwiriunga. Unga haushiki jani kavu, ndiyo maana anautaka umande. Upepo nao ukiamka, salfa yote inaishia shambani kwa jirani au machoni mwake mwenyewe. Kwa hiyo ana muda mfupi, labda saa mbili au tatu, kati ya umande kutua na jua kuukausha. Nimewahi kuwatazama wapuliziaji wakitembea mstari kwa mstari katika muda huo, na kinachonivutia ni jinsi wanavyoielekeza pua ya mashine chini ya mwavuli wa mti na kuliacha wingu la salfa lipande lenyewe hadi kileleni. Mwanafunzi hulenga juu na kupoteza nusu ya mfuko.

Watu wa kusini wana sababu ya kuuheshimu unga huu. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilikusanya takribani tani 145,000 za korosho. Kufikia 1986/87 zilibaki tani 16,500 hivi. Watu walikuwa wamehamishiwa vijijini mbali na mikorosho yao, bei ilikuwa imeshuka, na juu ya hayo yote ukaja ubwiriunga ukakausha maua yangali kwenye shada. Watafiti wa kituo cha Naliendele, Mtwara, walihangaika miaka mingi kutafuta kipimo na wakati sahihi wa kupuliza salfa, na zao likafufuka.

Alfajiri ile ile ina neema nyingine. Nyuki bado wako mzingani. Hawatoki mpaka hewa ipate joto, na wakati huo vumbi limekwisha kutulia juu ya majani. Salfa yenyewe si adui mkubwa wa nyuki ukiilinganisha na dawa nyingine. Matata yanaanza na mbu wa mikorosho.

Mdudu huyu hufyonza vichipukizi laini na mashada machanga, na baada ya siku chache ncha za matawi husinyaa na kuwa nyeusi kama zilizopitiwa na moto. Salfa haimfanyi kitu. Mkulima analazimika kutafuta kiuatilifu cha wadudu, mara nyingi cha jamii ya pairethroidi, kama lambda-sihalothrini, ambacho kemia yake inaiga sumu ya ua la pareto. Kinamwua mbu wa mikorosho. Kinamwua nyuki pia, kwa kiasi kidogo mno kisichoonekana kwa macho, na kinatakiwa kupulizwa katika miezi ile ile ambayo mkorosho unamhitaji nyuki kuliko wakati wowote.

Shada moja la mkorosho lina mamia ya maua. Mengi ni ya kiume tu. Machache ndiyo yenye uwezo wa kuwa korosho, na chavua yake inanata, upepo hauibebi vizuri. Inabebwa na wadudu: nyuki, nzi, na hata sisimizi. Mkulima anayeua nyuki wa Julai anapunguza magunia yake ya Oktoba, na asali ya jirani yake mwenye mizinga inapotea pamoja nayo.

Hapo ndipo mpuliziaji aliyebobea anapobadilisha saa. Dawa ya maji haihitaji umande. Anaihamishia jioni, jua linapozama, nyuki wa mwisho wakiwa wamerudi. Dawa inapata usiku mzima wa kukauka. Akiipuliza alfajiri pamoja na salfa kwa sababu tu mashine iko mgongoni tayari, nyuki watakuta majani bado mabichi kwa sumu saa tatu asubuhi. Tena kabla ya kuchanganya chochote anakagua vichipukizi, mti kwa mti, kuona kama mbu wapo kweli. Kwenye mti uliojaa majimoto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani kuwa viota, anapita bila kupuliza, kwa kuwa majimoto huwawinda mbu wa mikorosho usiku na mchana bila malipo. Na mchana wake ameshampigia simu mwenye mizinga kumwambia, leo jioni napuliza upande wa mtoni, kama una mzinga karibu ufunike au uuhamishe. Simu hiyo ni sehemu ya kazi sawa na kusafisha pua ya mashine.

Kwa nini nyuki ni dhaifu namna hii? Mwaka 2006 wanasayansi walichapisha jenomu ya nyuki wa asali, yaani orodha yote ya jeni zake, na ndani yake walikuta jambo ambalo kila mpuliziaji angefaa kuelezwa. Wadudu wengi huvunja sumu mwilini kwa vimeng'enya vya familia iitwayo P450. Inzi mdogo wa matunda ana jeni zaidi ya 80 za familia hiyo. Nyuki ana 46. Chakula chake tangu zamani ni nekta na chavua, na mimea humwandalia hivyo ili aje. Hakuwa na haja ya ghala kubwa la kinga. Hii haimaanishi kwamba kila sumu humwua nyuki upesi kuliko wadudu wengine, zipo anazozimudu. Ila ana vifaa vichache, na vikizuiwa hana vya akiba.

Na vinaweza kuzuiwa. Baadhi ya dawa za ukungu za jamii ya triazoli, zinazotumika kwenye mikorosho mahali pa salfa, zenyewe hazimwui nyuki kwa urahisi. Lakini hufunga P450 zake. Majaribio ya miaka ya 1990 huko Uingereza yalionyesha kwamba nyuki aliyepata dawa ya ukungu ya namna hiyo pamoja na lambda-sihalothrini hufa kwa kipimo cha chini sana kuliko kawaida. Sasa fikiria mazoea ya kumimina dawa mbili katika tangi moja ili kuokoa mafuta na nguvu. Mazoea hayo yanaeleweka kabisa, petroli ni ghali na mashine ni nzito. Lakini mpuliziaji anayekataa kuchanganya, anayerudi shambani mara ya pili kwa dawa ya pili, amefanya jambo ambalo maabara ingelihitaji kurasa nyingi kulieleza. Namheshimu kwa safari hiyo ya pili.

Mkulima hutumia sumu dhidi ya panya pia, na upande huo jeni zimesimulia kinyume chake. Katika miaka ya 1950 sumu ya wafarini, inayozuia damu kuganda, ilionekana kama suluhisho la mwisho la panya. Mwaka 1958 huko Uskoti walipatikana panya waliokula na kuendelea na maisha. Ilichukua hadi 2004 kuipata jeni yenyewe, ikapewa jina VKORC1. Badiliko moja dogo katika jeni hiyo linatosha kumfanya panya asiumizwe na wafarini, na kila mwaka sumu inapotumika, wenye badiliko hilo ndio wanaobaki kuzaa. Nyuki hana namna hiyo ya kujiponya haraka. Kundi zima lina mama mmoja, vibarua hawazai, na kundi likiangamia limeangamia. Kwa hiyo kadiri tunavyotegemea sumu peke yake, ndivyo panya anavyozidi kuzoea na nyuki anavyozidi kupungua.

Panya wa mashambani kwetu si yule wa Uskoti. Ni Mastomys natalensis, panya shamba mwenye matiti mengi kupita kiasi, chuchu hadi 24, anayezaa watoto kumi au zaidi kwa mkupuo. Nchini Tanzania yeye na wenzake hula wastani wa asilimia 5 hadi 15 ya mahindi kila mwaka, na mwaka wa mlipuko hawabakizi. Hakuna mahali alipochunguzwa kwa uvumilivu mkubwa kuliko Morogoro, katika mashamba ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), ambako watafiti wa chuo hicho pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Antwerp cha Ubelgiji wamekuwa wakiwatega katika uwanja uleule tangu 1994.

Uwanja ni hekta 3. Mitego 300 ya bati, mita 10 kati ya mmoja na mwingine, ndani yake donge la siagi ya karanga iliyochanganywa na unga wa mahindi. Usiku tatu mfululizo, kila baada ya wiki nne. Asubuhi fundi wa uwanjani hupita mtego kwa mtego, huinua, husikiliza uzito kwa mkono, humimina panya kwenye mfuko wa kitambaa. Anampima kwa mizani ya kuning'iniza. Anaangalia kama ni dume au jike, kama amekomaa, kama ana mimba. Anasoma alama ya vidole vyake, au akiwa mgeni anamwekea alama kwa kukata ncha ndogo ya kidole, kisha anamwachia palepale alipokamatwa, wala si hatua kumi pembeni. Anayeishika kazi hii vizuri humaliza na panya mmoja kabla mnyama hajaanza kutetemeka, na panya asiyetishwa hurudi mtegoni mwezi ujao. Hapo ndipo hesabu yote inaposimama. Panya wakiogopa mtego, daftari linadanganya.

Kutokana na madaftari ya utegaji ya Morogoro, mtafiti Herwig Leirs na wenzake walichapisha mwaka 1997 maelezo ya jinsi mvua na msongamano wa panya wenyewe vinavyoamua idadi yao. Vijana waliozaliwa baada ya masika hukaa miezi bila kukomaa, wakisubiri majani mabichi ya mvua ijayo. Vuli ikija mapema na kwa wingi, wanakomaa kabla ya wakati, kizazi kizima kinaongezeka, na mkulima anakutana nao mbegu ikiwa ndiyo kwanza imefukiwa.

Ncha za vidole kama zile zina kazi nyingine pia. Zikihifadhiwa kwenye spiriti hutoa vinasaba, na vinasaba vimeonyesha kwamba panya shamba wa Tanzania, ingawa wanafanana kwa macho, ni wa nasaba tofauti zinazokutana katika ukanda mwembamba mkoani Morogoro. Utafiti uliochapishwa 2017 ukiongozwa na Sophie Gryseels ulikuta kila nasaba ina kirusi chake, cha Gairo kwa hawa na cha Morogoro kwa wale, navyo havivuki mpaka ule. Virusi hivyo vyote ni ndugu wa kirusi cha Lassa cha Afrika Magharibi, ambacho nacho kinabebwa na panya wa jina hilohilo, ila wa nasaba nyingine.

Huku Nachingwea na Ruangwa mvua ni moja, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, kwa hiyo kanuni ya vuli haiwezi kuletwa kama ilivyo. Lakini ujuzi wa kumsoma panya upo siku nyingi. Kusini watu wanamla panya shamba, wanamwita samaki nchanga, na mtegaji wa kijijini hajafundishwa na mtu wa chuo. Anajua shimo lenye utando wa buibui mlangoni ni la zamani. Anajua njia ya panya kwa majani yaliyolazwa, na anategea hapo. Anayeweka mahindi yenye sumu ya fosfidi ya zinki shambani anamharibia kitoweo huyu mtegaji, na panya walioonja kidogo wakaugua hawakigusi tena chambo hicho.

Kinachokosekana ni daftari. Mtegaji mmoja wa Mtua akiandika idadi ya panya kwa kila mitego kumi, kila wiki, kuanzia mavuno ya Mei hadi wiki mbili baada ya kupanda, ambapo mbegu hufukuliwa zaidi, miaka mitatu tu ya maandishi hayo ingeonyesha ni mwezi gani panya wa Mtua wako wachache na rahisi kupunguzwa. Mwezi huo ndio wa kijiji kizima kutega kwa pamoja, mashamba yote kwa wiki moja, kwa kuwa shamba moja likisafishwa peke yake hujazwa tena na panya wa jirani kabla mahindi hayajachomoza.