Kipochi Kinachoenea Kwapani

Barabara ya Mpanda kwenda Kibaoni haina huruma na vipodozi. Ukishaipita Sitalike unaikata Hifadhi ya Taifa ya Katavi, na kiangazi vumbi la huko hupenya hata zipu iliyofungwa. Ukipandisha vioo kuwakwepa mbung'o, unabaki na joto. Rangi ya mdomo, ambayo msingi wake ni nta na mafuta, huanza kulegea. Mashimo ya njiani humalizia poda. Ndiyo maana namheshimu mpambaji anayeitwa harusini Kibaoni akafika na vifaa vyake vizima, vyote ndani ya kipochi kinachoenea kwapani.

Watu humsifia mkono. Mimi nasifia kwanza usiku wa kuamkia safari, anapokaa mkekani, akamwaga kila alichonacho, kisha akakiuliza kila kimoja: wewe unafanya kazi ngapi? Cha kazi moja hubaki nyumbani. Rangi ya mdomo nyekundu iliyoiva hupita, kwa sababu ikipunguzwa kwa kidole hupaka na mashavu. Wanja wa penseli huchora nyusi na kuzungushia jicho. Mafuta ya mgando hulainisha midomo iliyokauka, hulaza nyusi, hung'arisha mfupa wa shavu, na jioni hufuta yote yaliyopakwa asubuhi. Faundesheni ni mbili tu, moja ya maji ya kunde na nyingine nyeusi ya kukoza. Akizichanganya mgongoni mwa kiganja na kuzijaribu tayani, kwenye mwanga wa jua, atampata bibi harusi, mama yake na mawifi zake.

Kufunga nako kuna elimu yake. Juu ya poda ya kukandamizwa huweka pamba kabla ya kufunika, ili mtikisiko usiivunje. Brashi huzifunga kwenye kitambaa safi, nywele zikielekea upande mmoja. Rangi ya mdomo huingia kwenye kikopo chenye kifuniko, na kikopo kikazungushiwa kipande cha kanga kilicholowa: maji yanapokauka huondoka na joto. Hata rangi ya kipochi ina maana. Mbung'o huvutwa na buluu na nyeusi, na mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Anayepita Katavi atachagua kipochi cha rangi ya udongo.

Kati ya vyote, wanja ndio unaotaka akili zaidi. Reli ya Kaliua hadi Mpanda, iliyokamilika mwaka 1950, ilijengwa kwa ajili ya mgodi wa risasi. Galena, mawe yanayotoa risasi, ndiyo Wamisri wa kale waliyoyasaga wakajipaka machoni, na hadi leo wanja wa unga unaouzwa bila maelezo waweza kuwa na risasi. Madini yaliyoleta treni Mpanda ni sumu mwilini, hasa kwa watoto, na kuna nyumba ambazo bado humpaka wanja mtoto mchanga. Mpambaji anayeijua kazi yake hubeba penseli yenye maelezo ya viambato, na huichonga upya kabla ya kuhamia kwa mtu mwingine, maana ugonjwa wa macho hauchagui siku ya sherehe. Krimu za kujichubua zenye zebaki au hidrokwinoni, zilizopigwa marufuku nchini, hazigusi hata kama shangazi wa bibi harusi ameziagiza kwa jina.

Wapo wanaosafiri na sanduku la ngazi tatu, lenye taa, kope za bandia na vivuli vya macho vya kila rangi. Mjini, kwenye ukumbi wenye kamera nyingi, sanduku hilo lina kazi yake. Lakini wahenga walishatuonya kuhusu uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Wingi wa vifaa humshawishi mtu avitumie vyote, na kila kinachoongezwa humtoa bibi harusi hatua moja mbali na sura aliyokulia nayo.

Mwenye vitu vichache hana pa kujificha. Inambidi amtazame aliyekaa mbele yake, aone uzuri uko wapi, ni jicho au ni tabasamu, kisha akipe hicho kimoja nguvu na vingine aviache vipumzike. Kwa hiyo kile kipochi, pamoja na kurahisisha safari, humfunza mwenye nacho adabu ya kazi: kumpamba mtu mpaka bibi yake akimwona amsifu, bila kuuliza kwanza huyu ni nani.