Kutu Huanzia Ndani ya Ala

Tupige hesabu kwanza. Mzamiaji yuko mita 20 chini ya maji na mtungi wa lita 12, na geji inamwonyesha bar 50. Ndani ya mtungi zimebaki lita 600 za hewa kwa kipimo cha nchi kavu. Katika kina hicho mgandamizo ni mara tatu ya ule wa juu, kwa hiyo kila pumzi inakula hewa mara tatu. Mtu mtulivu anayetumia lita 20 kwa dakika akiwa juu, huko chini atatumia 60, basi ana dakika 10. Sasa mguu wake umenasa kwenye wavu uliotelekezwa juu ya matumbawe. Moyo unamwenda mbio, anahema maradufu, na dakika 10 zimekuwa 5. Humo humo atoe muda wa kupanda taratibu. Kinachobaki ndicho kipimo halisi cha kisu alichofunga kiunoni.

Wengi hawakipimi hivyo. Hukinunua kwa macho: kirefu, kizito, chenye ncha kama jambia, utadhani chini kuna papa anayesubiri kupigana. Papa hana habari naye. Kinachomkamata mzamiaji ni uzi: mshipi uliokatikia mwambani, jarife lililosombwa na mkondo, kamba ya dema iliyolegea. Kisu cha kuzamia ni cha kukata uzi, na kila swali kuhusu umbo lake lijibiwe kutokea hapo.

Wazamiaji wa zamani, wale wa kofia ya shaba waliopelekewa hewa kwa bomba kutoka juu, walibeba kisu kinene ndani ya ala ya shaba, kikifungwa kwa kuzungushwa kama kifuniko cha chupa. Kiliwafaa, maana kamba za enzi yao zilikuwa za nyuzi za mimea. Chuma kizito na mkono wenye nguvu vilitosha. Kisha ikaja nailoni, iliyotangazwa na kampuni ya DuPont mwaka 1938, na bahari ikabadilika. Uzi wa nailoni hauozi, majini hauonekani, na ukivutwa hurefuka kabla ya kukatika. Ubaya wake mkubwa zaidi ni kwamba, ukiwa umelegea, haukupi ukinzani wowote. Ukiupitishia makali laini, unasogea nayo. Jaribu kukata unywele unaoelea ndani ya beseni, utanielewa.

Ndiyo maana kisu cha kuzamia kinahitaji meno. Meno ya msumeno huudaka uzi, huuzuia usiteleze, kisha huukata kwa mvuto mmoja. Makali laini nayo yana kazi yake kwenye kamba nene iliyokazwa na kwenye mkanda wa jaketi la kuelea. Kisu kizuri kina yote mawili, upande mmoja meno na wa pili laini, au nusu kwa nusu katika upande uleule. Ncha iwe butu, pana kama bisibisi. Mtu aliyenaswa hukata asichokiona, mara nyingi nyuma ya kisogo au chini ya goti, na ncha kali itatoboa jaketi au bomba la hewa kabla ya kuufikia wavu. Urefu wa bapa unaolingana na kidole cha kati unatosha kabisa.

Rangi ya mpini wengi hawaifikirii. Nyekundu ndiyo rangi ya kwanza kumezwa na maji. Mita chache tu chini huonekana kama kijivu cha mwamba. Mpini wa manjano inayong'aa utauona hata ukikuponyoka.

Sasa tuje kwenye chuma, na hapa nitakaa.

Kisu changu cha kwanza nilikinunua katika duka moja la vifaa vya baharini. Muuzaji aliniapia kwamba hakishiki kutu, na bapa lenyewe lilikuwa na mhuri wa kusema hivyo. Nilikuwa nakisuuza baada ya kila mbizi, kikiwa ndani ya ala yake, kisha nakitundika. Mwezi wa nne nikakivuta, hakikutoka. Nilipokitoa kwa mikono miwili, sehemu yote iliyokuwa nje ilikuwa safi kama kioo, lakini pale kibano cha ala kinapolishika bapa palikuwa na vidonda vya kahawia vyenye vishimo. Nilimlaumu muuzaji kwa miaka. Baadaye nilipojifunza namna chuma hiki kinavyojilinda, nilielewa kwamba kosa kubwa lilikuwa langu.

Chuma kisichoshika kutu, ambacho historia yake hutajwa pamoja na jina la Harry Brearley wa Sheffield, Uingereza, na majaribio yake ya mwaka 1913, hakishindi kutu kwa ugumu. Kina madini ya kromi, angalau asilimia 10.5, na kromi hiyo ikikutana na oksijeni hufanya utando mwembamba sana usioonekana kwa jicho. Utando ndio ngao. Ukikwaruzwa, hujiziba wenyewe, mradi oksijeni ipo. Chumvi ya bahari, inayokaribia gramu 35 katika kila lita, ina kloridi inayoutoboa utando huo kila wakati, na kisu kilicho wazi hujiziba kila wakati. Lakini ndani ya ala, katika mwanya mwembamba kati ya plastiki na chuma, tone la maji ya chumvi hukaa bila kubadilishwa. Oksijeni iliyomo huisha, utando haujizibi tena, maji yale hugeuka kuwa tindikali, na chuma huanza kulika kutokea pale. Kile tulichokipa kisu kikihifadhi ndicho kinachokimaliza. Mwanya wa pili uko chini ya mpini, na huo ni mbaya zaidi kwa kuwa hauonekani.

Kwa nini basi mafundi wasiongeze tu kromi? Kwa sababu kisu kinahitaji pia kaboni. Bila kaboni chuma hakishiki makali. Na kaboni ndani ya chuma hukinyang'anya kromi: huungana nayo na kufanya chembe ngumu, ambazo ni nzuri kwa kukata, ila kromi iliyofungwa humo haipo tena kwa ajili ya ngao. Kila kisu cha baharini ni mapatano kati ya kromi na kaboni. Chuma cha daraja la 304, kile cha vijiko na masufuria, kina kaboni kidogo sana. Hustahimili bahari kuliko vyuma vingi vya visu, lakini hata ukikipasha moto na kukizamisha majini hakiwi kigumu, na makali yake hulala upesi. Daraja la 440C lina kaboni inayokaribia asilimia 1. Hunoleka vikali na kudumu, kisha huota madoa usipokihudumia siku ileile. Katikati liko la 420, ambalo ndilo utakalolikuta kwenye visu vingi vya bei ya kawaida: makali ya wastani, kutu ya wastani, kunoa rahisi.

Njia iliyolivunja fundo hili ni ya werevu wa hali ya juu. Nitrojeni nayo inaweza kukikaza chuma, na haikinyang'anyi kromi kama kaboni ifanyavyo. Kampuni ya Myodo Metals ya Japani ikatengeneza chuma kiitwacho H1, chenye kaboni ya asilimia 0.15 hivi tu, kikiongezewa nitrojeni na nikeli. Kampuni ya visu ya Spyderco ikakitumia kwenye visu vyake vya baharini. Chuma kingine cha ukoo huohuo, LC200N, kina nitrojeni nyingi zaidi na hushika makali kwa muda mrefu zaidi. Vyote viwili unaweza kuvisahau ndani ya mfuko uliolowa na ukavikuta vizima. Bei yake ndiyo kikwazo.

Titani ni habari nyingine. Haishiki kutu baharini, uzito wake ni zaidi kidogo tu ya nusu ya chuma, na haivutwi na sumaku, ndiyo maana hupendwa na wazamiaji wanaotegua mabomu. Lakini ni laini kuliko chuma cha visu. Makali laini ya titani huisha haraka. Meno ya titani yanastahili fedha zako.

Utunzaji unafuata mantiki hiyohiyo. Kitoe kisu ndani ya ala kabla hujakisuuza. Kama mpini unafunguka kwa skrubu, ufungue, na usinunue kisu ambacho hakifunguki isipokuwa bapa na mpini ni kipande kimoja. Loweka kila kipande katika maji baridi kwa nusu saa, maana chumvi iliyokauka haitoki kwa kumwagiwa kikombe kimoja. Futa, anika kivulini, paka grisi ya silikoni kiduchu, ileile ya mipira ya mtungi. Mafuta ya petroli huvimbisha mipira ya asili. Kisirudi ndani ya ala mpaka ala yenyewe ikauke ndani.

Jiki weka mbali kabisa: klorini huutoboa utando kuliko hata bahari. Steelwire ya kusugulia masufuria nayo weka mbali, maana huacha chembe za chuma cha kawaida juu ya bapa, na hizo zitaota kutu kesho yake. Doa likishatokea, lisugue kwa kitambaa chenye maji ya limau, suuza mara moja, kausha. Tindikali ya limau huondoa chembe za chuma juu ya bapa na kuiacha kromi, na viwandani hutumia tindikali hiyohiyo kwa kazi hiyohiyo.

Kunoa usikukimbie. Makali laini yanolewe kwenye kinoo kwa pembe ya nyuzi 20 hadi 25 kila upande. Meno huchongwa upande mmoja tu, basi yanolewe upande huohuo kwa kijiti cha kunolea cha mviringo, jino moja moja, kisha upande wa pili upitishwe mara moja bapa kwa bapa kuondoa kijinywele cha chuma kilichopinda.

Kuhusu mahali pa kukifunga, toka mguuni. Huko kisu chenyewe hudaka uzi, na mtu aliyebanwa hawezi kujikunja akakifikia. Kifunge kifuani au kiunoni mbele, mahali ambapo mkono wa kulia na wa kushoto yote hufika. Beba pia mkasi wa wauguzi, ule wa ncha butu wa kukatia nguo za majeruhi, kwa sababu waya wa mshipi wa samaki wakubwa hakuna kisu kitakachoukata. Na uliza kwanza kanuni za unapokwenda: hifadhi ya Cozumel nchini Mexico, kwa mfano, hairuhusu visu wala glavu, ili watu wasiguse matumbawe.

Kama fedha ipo, nunua H1 au LC200N yenye meno. Kama haipo, 420 yenye meno, ncha butu na mpini unaofunguka, pamoja na mkasi, itakutoa salama kuliko titani ya bei mbaya iliyofungwa mguuni. Leo jioni jaza ndoo maji, legeza humo uzi wa nailoni, vaa glavu zako, ukate kwa mkono usiouzoea. Usipokatika kwa mvuto mmoja au miwili, noa kabla hujashuka tena.