Kumtia Mwalimu Moyo ni Ufundi

Namatala ni mtaa wa watu wa kipato kidogo mjini Mbale, mashariki ya Uganda. Wagisu, Waiteso na Wakaramojong wanaishi hapa ukuta kwa ukuta, na wapo watoto wanaoingia darasani bila kutia kitu tumboni. Mwishoni mwa Julai 2022 mito Namatala na Nabuyonga ilifurika, watu wakafa na nyumba zikabomoka. Kufundisha mahali kama hapa kunataka moyo, na mlinzi wa kwanza wa moyo huo ni mwalimu mkuu.

Fedha za kuwaongezea walimu hana. Mishahara ya shule za serikali hupangwa Kampala, na mwaka 2022 mwalimu wa msingi mwenye cheti cha daraja la tatu alipata takriban shilingi 500,000 kwa mwezi. Mwaka huohuo serikali ilipotangaza shilingi milioni 4 kwa walimu wa sayansi wa sekondari wenye shahada, walimu wa sanaa na wa msingi waligoma. Mgomo ulipoisha, mwalimu mkuu ndiye aliyebaki na watu wenye kinyongo katika chumba kimoja cha walimu.

Silaha zake ni ratiba, zamu, kikombe cha chai na ulimi wake. Tazama anavyoshika daftari la maandalio ya masomo. Asiye fundi hugonga muhuri, akasaini, akarudisha. Fundi husoma, kisha huandika pembeni: "Vijiti vya kuhesabia vimewasaidia watoto wa darasa la pili. Jumatano nitakuja kuona kugawanya." Jumatano inafika naye anafika, anakaa nyuma, hakatizi somo. Kosa atalitaja ofisini, wawili peke yao. Sifa ataitoa kikaoni, kwa jina na kwa jambo lenyewe. Mwalimu anajua sasa kwamba kazi yake ina mtu anayeiona.

Kwenye ratiba ndiko haki inakopimwa. Darasa lililofurika watoto halibebeshwi mtu yuleyule kila mwaka kwa kuwa tu si mlalamishi. Mwenye mtoto mchanga hapewi zamu ya alfajiri. Aliyefiwa humwona mkuu wake matangani.

Ufundi huo haukomei kwa walimu. Mama wa jikoni huwasha kuni kabla hakujakucha. Uji wa saa nne ukichelewa, somo linalofuata limepotea. Askari wa lango hujua mtoto yupi hupitia kuuza vitu kabla ya kuja shule. Mkuu mwenye akili huwapa viti kikaoni, akawauliza, akasikiliza.

Utafiti nao unaunga mkono ufundi huu. Mwaka 1959 Mmarekani Frederick Herzberg na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wahandisi na wahasibu wa Pittsburgh. Waliona kwamba mshahara duni humkera mtu, lakini kinachompa ari ni kufanikisha kazi, kutambuliwa na kupewa dhamana. Mkuu hodari huyatenda hayo kila siku, awe amemsoma Herzberg au hajamsoma.

Hata hivyo, sifa hailipi kodi ya nyumba. Serikali isijifiche nyuma ya wema wa wakuu wa shule. Mshahara wa haki bado ni deni. Nanyi wazazi na kamati za shule, mkimpata mwalimu mkuu wa namna hii, msaidieni: changieni uji, hudhurieni vikao, na mkimkuta mwalimu njiani mshukuruni.