Ngano Iliyoficha "Paukwa": Uhakiki wa Visakale vya Kutisha katika Michezo ya Video

Wakusanyaji wa fasihi simulizi wamezoea kuzitafuta matini zao kwa wazee. Mazoea hayo yamezaa dhana kwamba kisakale kisichotoka kinywani mwa mzee si kisakale. Mwandishi wa makala haya naye aliishika dhana hiyo. Mwanafunzi mmoja hapa Kakamega, aliyetumwa kukusanya visakale vya kwao, alirudi na habari za mzuka unaoishi ndani ya mchezo wa video, na kazi yake ikarudishwa bila alama. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba uamuzi ule haukuwa wa haki, na kwamba hasara ya kuzipuuza matini za namna hii haiishii darasani.

Mzuka wenyewe huitwa Herobrine, na makazi yake ni Minecraft, mchezo uliobuniwa Uswidi na Markus Persson. Kuanzia mwaka 2010 ilisimuliwa kwamba mchezaji aliye peke yake huona kwa mbali, ndani ya ukungu, mtu anayefanana naye kwa kila kitu isipokuwa macho, ambayo ni meupe na hayana mboni. Mtu huyo hutoweka akifuatwa, na huacha nyuma yake mahandaki yaliyonyooka na miti isiyo na majani. Inasemekana kwamba ni ndugu marehemu wa mbunifu. Persson alikana kuwa na ndugu aliyefariki. Hata hivyo, waundaji wa mchezo waliandika mara kadhaa, katika orodha za marekebisho yao, kwamba Herobrine ameondolewa. Wao walifanya utani. Walioamini walipata ithibati, kwani hakiondolewi kitu ambacho hakikuwapo.

Tukiitazama fani ya kisakale hiki hatuoni ugeni. Upweke, ukungu, pacha wa kutisha, na marehemu asiyetulia ni mambo ambayo msikilizaji wa Kiluhya, aliyelelewa na habari za mizimu, hahitaji kufafanuliwa. Ugeni upo kwingine, nao ni katika uhusiano wa fanani na hadhira yake.

Asafiriye kutoka Kakamega kwenda Kisumu hulipita jiwe la Ilesi, ambalo maji hulitiririka kana kwamba linalia. Zipo hadithi kadhaa zinazoeleza kilio hicho, wala hadhira haimdai fanani ushahidi. Jiwe lipo, msimulizi yupo, na wote wanajua wameingia katika mapatano gani. Mtambaji wa pwani huyatangaza mapatano hayo waziwazi: yeye husema "Paukwa", nao hujibu "Pakawa", na tangu hapo sheria inayotawala ni sheria ya ngano. Uzushi wa michezo ya video una fani yote ya ngano, lakini huificha "Paukwa" yake. Mahali pa mwito huo huweka picha, tarehe na jina la mji, na fanani hujificha nyuma ya rafiki wa rafiki.

Kisakale cha Polybius ni mfano bora wa mbinu hiyo. Husimuliwa kwamba mwaka 1981, katika mji wa Portland nchini Marekani, ilionekana mashine ya mchezo iliyowaletea wachezaji jinamizi na kuwapotezea kumbukumbu. Watu waliovaa nguo nyeusi walikuja kuikagua, wakaziacha sarafu na kuchukua takwimu tu. Kisha mashine ikatoweka. Hakuna mashine hiyo iliyopatikana, wala gazeti la wakati ule lililoitaja. Habari ziliandikwa miaka mingi baadaye, na jarida la GamePro likazieneza mwaka 2003. Lakini si kwamba zote zilitungwa hewani. Katika mji huo huo, mwaka 1981, mvulana mmoja aliugua baada ya kucheza Asteroids kwa zaidi ya saa 28 akitafuta rekodi. Na katika miaka hiyo maofisa wa serikali walipekua mabanda ya michezo kwa sababu ya kamari. Vipande vya kweli vimeshonwa pamoja vikawa vazi la uzushi. Mhakiki anayetosheka kusema "ni uongo" ameliona vazi, hakuuona mshono.

Kwamba jambo hili si la Marekani peke yake lilidhihirika hapa Kenya mwezi Mei 2017. Ilisimuliwa kwamba mchezo uitwao Blue Whale humpa kijana kazi moja kila siku kwa siku 50, na kwamba mwisho wake ni kifo. Chanzo cha habari hizo kilikuwa Urusi, ambako Novaya Gazeta, mwaka 2016, lilikuwa limevihusisha vifo vya vijana na makundi ya mtandao wa VKontakte. Makundi ya huzuni yalikuwapo kweli, na mtu mmoja alihukumiwa mwaka 2017 kwa uchochezi. Lakini programu yenye jina hilo, inayomteka mtoto kutoka ndani ya simu, haikuonekana. Pamoja na hayo, baada ya kifo cha kijana mmoja jijini Nairobi kuhusishwa na mchezo huo, Bodi ya Uainishaji wa Filamu Nchini ilitangaza kuupiga marufuku. Nia ilikuwa kuwalinda watoto. Matokeo yake kifasihi, hata hivyo, yalifanana na ya orodha za Minecraft: kilichopigwa marufuku, basi kipo. Na hapa ndipo penye madhara. Mzazi anayeikagua simu akimtafuta nyangumi hujiona ametimiza wajibu wake, asiulize mtoto amekuwa akilala vipi, wala kwa nini amekuwa mkimya. Uzushi humpa hofu yenye jina, na kumfichia huzuni isiyo na jina.

Huenda ikasemwa kwamba kazi ya kuuchunguza uzushi ni ya polisi na waandishi wa habari. Mwandishi hakubaliani. Kuuliza fanani ni nani, amepokea kwa nani, toleo la awali lilikuwaje, na nini kimeongezwa njiani, ndiyo kazi ya mwanafasihi simulizi hasa. Hata hivyo hana budi kutumia kipimo hicho kwa busara. Anayelidai jiwe la Ilesi risiti ya machozi yake amekosea sawa na anayeuamini uzushi: wote wawili hawakuyatambua mapatano.

Kazi ile ya mwanafunzi ilikuwa imetaja ni nani aliyesimulia, katika banda gani la michezo, na jinsi wasikilizaji walivyocheka kwanza, kisha wakanyamaza. Kazi nyingi juu ya jiwe la Ilesi zilizopata alama mwaka ule hazikuwa na lolote kati ya hayo.