Kindu ya Waitalia na Kindu yetu

Wandugu wasomi, leo tusome jina moja tu, sawa vile mtu anasoma kitabu: Kindu.

Wabelgiji walilibandika mkia: Kindu-Port-Empain, juu ya Baron Empain, mwenye kampuni CFL iliyojenga reli ya kwenda Kongolo. Ule mkia ulikuwa kibao cha mwenye mali. Ulianguka, Kindu ikabaki.

Kule Italia, jina halisemi bandari wala reli. Wanasema "eccidio di Kindu", yaani mauaji ya Kindu. Tarehe 11 Novemba 1961, ndege mbili za aina ya C-119, za brigedi ya 46 ya Pisa, zilitua hapa na mizigo ya askari Wamalaya wa ONU. Askari wa ANC walioasi wakawakamata Waitalia 13, wakawaua. Inasemwa waliwadhania kuwa mamluki wa Tshombe. Leo kuna ukumbusho wao Pisa na Fiumicino, na miji mingi ya Italia iko na barabara inaitwa "Martiri di Kindu" ao "Caduti di Kindu": mashahidi wa Kindu, walioanguka wa Kindu.

Sina ugomvi na kile kilio. Watu walikuja kusaidia, wakarudi maiti. Wenye kufiwa wana haki ya kuandika.

Ninachokosoa ni kale kaneno kadogo "di", ile "wa" yetu. Mtu wa hapa akisikia "mashahidi wa Kindu", ataelewa watoto wa Kindu waliouawa. Kwenye kibao cha kule, Kindu ni pahali pa kufia tu, basi. Jina halitenganishi askari mwenye bunduki na mama aliyekuwa anauza chikwange sokoni siku ile ile. Mji mzima umebebeshwa siku moja, na mtoto wa Italia anaweza kukua akijua hiyo moja tu.

Lakini tusiwaachie Waitalia lawama yote. Sisi wa agronomie tunajua: shamba ukiliacha bila kupanda, halibaki tupu, majani yanaota yenyewe. Jina ni vile vile. Mwaka 1964 Wasimba walichukua mji huu. Mwaka 1998 RCD ikaingia. Watu wetu walikufa, na kila familia inalia wake ndani ya nyumba. Waitalia wanajua majina ya wale 13, moja moja. Nani kati yetu anaweza kutaja 13 ya wetu?

Tuna kalamu, tuna simu, na wazee wangali hai. Tugawane kazi: Kasuku, Mikelenge, Alunguli. Kila mmoja aende kwa mzee mmoja, aulize jina, mwaka, na kazi marehemu aliyokuwa anafanya. Tuanze na majina 13. Halafu ndipo tutakuwa na neno la kuwaambia Waitalia.