Kura na Maoni: Uhakiki wa Hoja ya Kurudia Kura ya Taifa

Istilahi "kura ya maoni" imekwisha kukaa katika Kiswahili kiasi cha kutotiliwa shaka, hata wasemaji wake hawasikii tena kuwa imeungwa kwa maneno mawili yasiyopatana. Kura ni neno lenye asili ya Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni kuiachia bahati iamue: vijiti au vikaratasi hutupwa, na kitakachotoka ndicho. Wafasiri wa Biblia walilitumia kwa maana hiyo katika habari ya askari waliogawana mavazi ya Yesu. Maoni, kwa upande wake, yametoka katika kitenzi kuona. Ni yale mtu ayaonayo moyoni baada ya kulitazama jambo. Kura ikianguka hairudiwi, kwa maana mwenye kuirudia mpaka ianguke apendavyo ni mlaghai. Maoni hurudiwa, kwa maana mwenye kutazama mara ya pili huenda akaona asiloliona kwanza, na asiyekubali kutazama tena huitwa mkaidi.

Ugomvi wote juu ya kurudia kura ya taifa umo katika maneno mawili hayo. Wanaopinga husimama juu ya kura: wananchi wamekwisha kusema, na neno lao ni la mwisho. Wanaotaka irudiwe husimama juu ya maoni: wananchi wa leo wana haki ile ile waliyokuwa nayo wananchi wa jana, na kuwazuia wasiulizwe tena ni kuwafanya wafungwa wa siku moja. Kila upande una nusu ya istilahi, na kila upande huitumia nusu yake kana kwamba ndiyo nzima.

Hapa lugha yenyewe huongeza mashaka. Katika Tanzania, "kura za maoni" ni jina pia la kura zinazopigwa ndani ya chama ili kupendekeza wagombea, na vikao vya juu vya chama huweza kumwacha aliyeongoza na kumteua mwingine. Katika magazeti, hasa ya Kenya, jina hilo hilo hupewa uchunguzi wa wadadisi wanaouliza watu wachache kwa niaba ya wengi. Kwa hiyo mkulima wa Rungwe Mpya, katika nyanda za juu za Kasulu, ambako lugha ya nyumbani kwa wengi ni Kiha na karatasi ya kura huandikwa kwa Kiswahili, huletewa neno moja lenye maana tatu: ushauri unaoweza kuachwa, makisio ya wadadisi, na hukumu ya taifa. Akiambiwa kuwa kura ya maoni itarudiwa, si kosa lake akidhani kuwa ya kwanza ilikuwa ushauri tu.

Hata hivyo mkulima huyo si mgeni wa kurudia maamuzi. Sheria ya mwaka 1982 ya serikali za mitaa iliupa kila mkutano mkuu wa kijiji, ambao wajumbe wake ni wakazi wote waliotimiza miaka 18, mamlaka ya juu katika mambo ya kijiji. Hakuna aonaye ajabu jambo lililokataliwa likiletwa tena mkutanoni. Lakini mwenye kulileta hutazamiwa aeleze kilichobadilika, naye hueleza mbele ya wale wale waliolikataa. Kanuni hiyo ndogo ya kijiji ni kipimo kizuri kuliko nadharia nyingi, na yafaa ipelekwe kwenye mifano ya mataifa.

Mfano ulio bora zaidi ni wa Kenya. Tarehe 21 Novemba 2005 wananchi walipelekewa rasimu ya katiba, wakubalio kwa alama ya ndizi na wakataao kwa alama ya chungwa, na chungwa likashinda kwa asilimia 58 hivi. Rais Mwai Kibaki, aliyeiunga mkono ndizi, alikubali kushindwa, na baada ya siku mbili akalivunja baraza lake la mawaziri. Tarehe 4 Agosti 2010 swali la katiba mpya lilirudi, na theluthi mbili hivi ya wapiga kura wakasema ndiyo. Je, huko kulikuwa kuwachosha wananchi mpaka wakubali? La. Maandishi yalikuwa mengine, yaliyotungwa na kamati nyingine chini ya sheria ya mwaka 2008. Tume ya uchaguzi ilikuwa nyingine, ile ya awali ikiwa imevunjwa. Zaidi ya yote, nchi ilikuwa imepita katika machafuko ya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ambamo watu zaidi ya elfu moja walikufa, na hapakuwa na mtu aliyeweza kusema kwamba hali ni ile ile. Raila Odinga, aliyeongoza chungwa mwaka 2005, alisimama pamoja na Kibaki mwaka 2010. Aliyeshinda mara ya kwanza ndiye aliyeomba irudiwe, na hapo ndipo penye ushahidi wenye nguvu kwamba hakudhulumiwa.

Mfano wa Uganda hautulizi moyo kiasi hicho. Katiba ya mwaka 1995 iliagiza wananchi waulizwe juu ya mfumo wa siasa, nao tarehe 29 Juni 2000, kwa asilimia 90 na zaidi ya kura, wakachagua mfumo wa Movement usioviachia vyama nafasi ya kushindana. Tarehe 28 Julai 2005 wakaulizwa tena, na kwa asilimia 92 hivi wakachagua vyama vingi. Taifa lile lile, katika miaka mitano, likatoa majibu mawili yanayopingana, na kila jibu likawa karibu la kauli moja. Atakaye kulitetea tukio hilo atasema kwamba njia ya kurudia ilikuwa imewekwa na sheria mapema, na kwamba matokeo ya pili yalipanua uhuru. Yote mawili ni kweli. Lakini katika miaka hiyo miwili jibu la wananchi lilikuwa lile lililotakiwa na serikali iliyouliza, na mwaka 2005 walioandikishwa wasiofika vituoni walikuwa wengi kuliko waliofika. Msomaji ana haki ya kuuliza kama wananchi walibadili maoni, au ni muulizaji aliyebadili yake.

Swali hilo huwafuata hata Wazungu. Ireland ilikataa Mkataba wa Lisbon tarehe 12 Juni 2008 kwa asilimia 53, ikaukubali tarehe 2 Oktoba 2009 kwa asilimia 67. Katikati serikali ilipata dhamana juu ya kodi, juu ya kutofungamana na upande wowote katika vita, na juu ya haki ya kuwa na kamishna wake; lakini mkataba wenyewe haukubadilika. Yawezekana dhamana hizo zilitosha kuwa "kilichobadilika". Ila kipimo cha pili hubaki: lau Ireland ingesema ndiyo mwaka 2008, je, kuna mtu angeipa nafasi ya kusema hapana mwaka 2009? Mlango unaofunguka kwa upande mmoja tu si mlango wa maoni, ni mtego.

Tena kuna kurudia kunakobadili si swali bali muulizwa. Tarehe 22 Desemba 1974 Wakomoro wa visiwa vinne waliulizwa juu ya uhuru, na zaidi ya asilimia 90 ya kura zote zikautaka. Mayotte peke yake ndiyo iliyokuwa na wengi waliokataa. Ufaransa ikayahesabu matokeo kisiwa kwa kisiwa, na tarehe 8 Februari 1976 ikaiuliza tena Mayotte peke yake, ambayo karibu yote ikachagua kubaki. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilikataa kuitambua kura hiyo. Wamaore walisema waliyoyaona, na hakuna awezaye kuwanyang'anya maoni yao. Lakini kura ya kwanza ilipigwa na umma mmoja, na ya pili ikapigwa na umma mwingine, mdogo, uliokatwa kutoka katika ule wa kwanza baada ya matokeo kujulikana. Kwa Kiswahili sanifu huko si kurudia. Ni kuanza jambo jingine kwa jina la lile la kwanza.

Rungwe Mpya haina haja ya kusafiri mbali ili kuliona hilo. Ng'ambo ya mpaka, Burundi iliikubali katiba yake tarehe 28 Februari 2005 kwa zaidi ya asilimia 90, katiba iliyojengwa juu ya Mapatano ya Arusha ya mwaka 2000. Mwaka 2014 jaribio la kuibadili lilishindwa bungeni kwa upungufu wa kura moja. Tarehe 17 Mei 2018 mabadiliko, pamoja na kuongeza muhula wa rais kutoka miaka mitano hadi saba, yalipelekwa kwa wananchi na kupita kwa asilimia 73. Wakati huo Warundi wengi waliokimbia tangu mwaka 2015 walikuwa katika kambi za Nyarugusu na Nduta, yaani Kasulu na Kibondo, mbali na masanduku ya kura. Umma wa mwaka 2018 ulipungukiwa na sehemu ile hasa iliyokuwa na sababu ya kusema hapana. "Wengi wape" ni methali ya haki, lakini hudai kwanza kwamba wachache waliopewa wengi haki yao wawe wamehesabiwa.

Kwa hiyo hoja ya kwamba kura ya taifa isirudiwe kamwe ni hoja ya vijiti na vikaratasi. Humheshimu mwananchi kama bahati inavyoheshimiwa, si kama mtu mwenye akili. Na hoja ya kwamba irudiwe kila serikali ipendapo hulifanya neno kura kuwa bure. Kurudia huwa halali pale ambapo kilichobadilika chaweza kuonyeshwa kwa kidole, pale ambapo mlango ungefunguka vivyo hivyo kwa jibu la kinyume, na pale ambapo wanaoulizwa ni umma ule ule mzima. Katika mifano iliyotajwa, Kenya ya mwaka 2010 ndiyo inayokaribia kuyatimiza yote matatu.

Jambo hili si la mbali kwa Tanzania. Katiba Inayopendekezwa ilipitishwa na Bunge Maalumu tarehe 2 Oktoba 2014, na kura yake ya maoni ikapangiwa tarehe 30 Aprili 2015. Uandikishaji wa wapiga kura haukuwa umekamilika, kura ikaahirishwa, na miaka kumi ikapita bila ya kupigwa. Siku itakapopigwa, iwe juu ya maandishi hayo au mengine, watunga sheria watafanya vyema kuamua kabla ya kura ya kwanza ni kwa masharti gani ya pili yaweza kuitwa. Na wataalamu wa lugha watafanya vyema kuwapatia wananchi neno moja lenye maana moja. "Kura ya uamuzi" ingefaa, kwa kuwa uamuzi hufunga, nao huweza kutenguliwa, lakini hautenguliwi bila ya sababu kutajwa mbele ya wale walioutoa.